Steve Biko

Bantu Stephen Biko (18 Desemba 1946 – 12 Septemba 1977), anayejulikana zaidi kwa jina la Steve Biko, alikuwa mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyepinga siasa ya ubaguzi wa rangi na mmoja wa waanzilishi wa harakati ya Mwamko wa Watu Weusi. Alifariki akiwa na umri wa miaka 30 kutokana na majeraha ya ubongo aliyoyapata mikononi mwa polisi wa usalama mjini Port Elizabeth (leo Gqeberha). Kifo chake kilichunguzwa mahakamani, kikalaaniwa duniani kote, na miaka ishirini baadaye kikasikilizwa tena mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Pamoja na hayo yote, hakuna askari aliyewahi kupandishwa kizimbani kwa kumuua.

Maisha ya awali

Biko alizaliwa Tarkastad, katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Rasi Mashariki, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne katika familia ya Waxhosa. Baba yake, Mzingaye Biko, alikuwa askari polisi kwa miaka kadhaa kabla ya kuwa karani wa serikali mjini King William's Town (leo Qonce). Alikuwa akisoma sheria kwa njia ya posta alipofariki mwaka 1950, Steve akiwa na umri wa miaka minne. Mama yake, Alice, aliwalea watoto peke yake katika kitongoji cha Ginsberg kwa kufanya kazi za nyumbani kwa Wazungu na baadaye kupika katika Hospitali ya Grey.

Alikuwa mwanafunzi hodari, na watu wa Ginsberg walichanga fedha ili aende kusoma Lovedale, shule maarufu ambako kaka yake Khaya alikuwa tayari anasoma. Masomo hayo hayakudumu. Mwaka 1963 Khaya alikamatwa kwa kushukiwa kuwa na uhusiano na chama cha PAC kilichokuwa kimepigwa marufuku. Steve naye alihojiwa na polisi, kisha akafukuzwa shuleni ingawa hakuwa na kosa lolote. Alikuwa na umri wa miaka 16. Huko nyuma hakuwa amejishughulisha sana na siasa. Waliomfahamu wanakubaliana kwamba chuki yake dhidi ya mamlaka ya Wazungu ilianzia hapo.

Aliendelea na masomo katika Chuo cha Mtakatifu Francis, shule ya Kikatoliki huko Mariannhill, Natal, na mwaka 1966 aliingia Chuo Kikuu cha Natal mjini Durban kusomea udaktari, katika kitengo kilichotengwa kwa ajili ya wanafunzi wasio Wazungu.

Siasa za wanafunzi

Durban alijiunga na umoja wa wanafunzi wa NUSAS, ambao ulipinga ubaguzi lakini uliongozwa na Wazungu. Mwaka 1967 umoja huo ulifanya mkutano katika Chuo Kikuu cha Rhodes, na wajumbe weusi wakanyimwa malazi pamoja na wenzao weupe. Kwa Biko tukio hilo lilionyesha kwamba Wazungu wenye nia njema, hata wakiwa wakweli kiasi gani, hawangeweza kuwasemea watu ambao maisha yao hawayaishi. Mwaka 1968 yeye na wenzake walikubaliana kuunda chama cha wanafunzi weusi, SASO, kilichozinduliwa mwaka uliofuata huko Turfloop. Biko alikuwa rais wake wa kwanza.

Kiini cha mafundisho yake kilikuwa kwamba mtu mweusi alikuwa amefungwa kwanza akilini: amefundishwa kujidharau na kuogopa. Kwa hiyo ukombozi ulipaswa kuanzia katika kujitambua. Neno weusi kwake halikuhusu rangi ya ngozi tu, kwani liliwajumuisha Waafrika, Wahindi na machotara, yaani wote walionyimwa haki na sheria za nchi. Aliandika makala katika jarida la SASO kwa jina la kubuni la Frank Talk. Makala hizo zilikusanywa baada ya kifo chake katika kitabu I Write What I Like.

Ni vema kutaja hapa jambo ambalo husahaulika mara nyingi. Woga ambao Biko alitaka kuuondoa haukuwa wa kufikirika. Alipokuwa na umri wa miaka 13, tarehe 21 Machi 1960, polisi walifyatulia risasi umati wa waandamanaji huko Sharpeville na kuua watu 69. Bunge lilijibu mwaka 1961 kwa kutunga sheria iliyowakinga serikali na watumishi wake dhidi ya madai yaliyotokana na matukio hayo. Mwaka 1967 ikaja Sheria ya Ugaidi, ambayo kifungu chake cha 6 kiliwaruhusu polisi kumshikilia mtu bila kikomo, bila kumfikisha mahakamani, bila wakili na bila ndugu zake kujua alipo. Mtu aliyekamatwa chini ya kifungu hicho alikuwa peke yake na polisi, na lolote lililompata lilikuwa na mashahidi wa upande mmoja tu.

Amri ya marufuku na kazi za jamii

Mwaka 1970 Biko alimwoa Ntsiki Mashalaba, muuguzi, wakapata watoto wawili wa kiume. Mwaka 1972 aliondolewa chuoni kwa kuwa masomo yalikuwa yamezidiwa na siasa, akaajiriwa katika mpango wa miradi ya jamii za watu weusi. Mwaka huohuo ulianzishwa Mkutano wa Watu Weusi, BPC, kwa ajili ya watu wazima waliokwisha kutoka shuleni.

Machi 1973 serikali ilimpiga marufuku. Alitakiwa kubaki katika wilaya ya King William's Town, asihutubie watu, asiwe na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na ikawa kosa la jinai kwa gazeti lolote kunukuu maneno yake. Hata hivyo hakunyamaza. Alisaidia kuanzisha zahanati ya Zanempilo katika kijiji cha Zinyoka, iliyofunguliwa mwaka 1975 na kuongozwa na daktari Mamphela Ramphele, pamoja na mfuko wa kuzisaidia familia za wafungwa wa kisiasa na mfuko wa karo kwa wanafunzi wa Ginsberg. Ramphele, ambaye pia alikuwa mpenzi wake, alizaa naye watoto wawili. Wa kwanza alifariki akiwa mchanga na wa pili alizaliwa baada ya baba yake kufa.

Wakati huo pia alijenga urafiki na Donald Woods, mhariri mweupe wa gazeti la Daily Dispatch la East London. Awali Woods aliushambulia Mwamko wa Watu Weusi kuwa ni ubaguzi wa kugeuzwa, lakini alibadili mawazo baada ya kukutana na Biko.

Soweto na kifo cha Mapetla Mohapi

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans. Polisi waliwapiga risasi, na ghasia zikaenea nchini. Tume ya Jaji Cillié, ambayo iliundwa na serikali yenyewe, ilihesabu vifo 575 hadi mwanzoni mwa mwaka 1977, 451 kati yavyo vikiwa vimesababishwa na polisi. Mwaka 1977 Bunge likatunga tena sheria ya kinga, iliyorudishwa nyuma hadi tarehe 16 Juni 1976, kuwalinda maofisa waliotenda kwa nia njema katika kuzima machafuko. Kwa maneno mengine, mfiwa aliyetaka kumshtaki askari alikuwa na kazi ya kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa askari huyo.

Wakati huo rafiki yake Biko, Mapetla Mohapi, aliyekuwa kiongozi wa zamani wa SASO, alikufa mahabusu tarehe 5 Agosti 1976 katika kituo cha polisi cha Kei Road. Polisi walisema amejinyonga kwa suruali yake ya jinzi. Biko na wenzake hawakukubali maelezo hayo, wakahakikisha kwamba familia inawakilishwa na madaktari wakati wa uchunguzi wa maiti. Muda mfupi baadaye Biko mwenyewe alikamatwa, akashikiliwa peke yake kwa siku 101, kisha akaachiwa bila mashtaka. Basi alijua vizuri namna watu walivyokuwa wakifa vituoni. Kati ya mwaka 1963 na 1977 zaidi ya watu arobaini walifia mikononi mwa polisi wa usalama, na maelezo rasmi yalijirudia: kujinyonga, kuanguka kwenye ngazi, kuteleza bafuni, kujirusha dirishani.

Kukamatwa na kifo

Agosti 1977 Biko alivunja amri ya marufuku na kusafiri kwa gari hadi Cape Town pamoja na Peter Jones, wakitafuta kuunganisha makundi ya upinzani. Walipokuwa wakirudi, usiku wa tarehe 18 Agosti, walisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Grahamstown (leo Makhanda) na kukamatwa. Jones alipigwa na kushikiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kesi.

Biko aliwekwa katika kituo cha Walmer, Port Elizabeth, akiwa uchi na mwenye pingu, kwa siku zipatazo ishirini. Asubuhi ya tarehe 6 Septemba alipelekwa chumba namba 619 katika jengo la Sanlam, makao ya polisi wa usalama, ambako alihojiwa na kikundi kilichoongozwa na Meja Harold Snyman. Waliokuwamo ni pamoja na Daantjie Siebert, Rubin Marx, Jacobus Beneke na Gideon Nieuwoudt. Kilichotokea humo kinajulikana kutokana na maelezo ya askari hao tu, nayo yamebadilika mara kwa mara. Lisilo na ubishi ni kwamba aliingia akiwa mzima na kichwa chake kikapata pigo lililoharibu ubongo. Baada ya hapo alifungwa minyororo kwenye vyuma vya mlango akaachwa hivyo, ingawa alikuwa hawezi kusema vizuri.

Siku iliyofuata aliitwa daktari wa wilaya, Ivor Lang. Mgonjwa alikuwa na jeraha mdomoni, anayumba na maneno hayaeleweki, lakini Lang aliandika cheti kwamba hakuona tatizo lolote. Mkuu wake, Benjamin Tucker, naye alimwona. Mtaalamu aliyeitwa baadaye alichukua maji ya uti wa mgongo, na yakakutwa na chembe za damu, ishara ya kuumia kwa ubongo. Hata hivyo Biko alirudishwa kwenye sakafu ya seli. Tarehe 11 Septemba alikutwa amelala huku povu likimtoka mdomoni. Tucker alipendekeza apelekwe hospitali ya Port Elizabeth, lakini Kanali Piet Goosen, mkuu wa polisi wa usalama wa mji huo, alikataa kwa hofu kwamba angetoroka, na daktari akakubali. Mtu aliyekuwa hawezi kusimama alilazwa uchi nyuma ya gari la Land Rover na kusafirishwa usiku kucha zaidi ya kilomita 1,000 hadi gereza la Pretoria, bila muuguzi na bila taarifa za ugonjwa wake. Alifariki usiku wa tarehe 12 Septemba, akiwa amelala juu ya mkeka.

Waziri wa Sheria na Polisi, Jimmy Kruger, alitangaza kwamba Biko alikufa baada ya kugoma kula, na katika mkutano wa chama chake alieleza wazi kwamba kifo hicho hakikumgusa. Uongo huo haukudumu. Mwandishi Helen Zille wa gazeti la Rand Daily Mail aliwatafuta madaktari waliohusika, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha chanzo kilikuwa majeraha ya ubongo.

Mazishi yalifanyika tarehe 25 Septemba King William's Town. Maelfu ya watu walihudhuria, ingawa polisi walizuia mabasi mengi yaliyotoka miji mingine, na Askofu Desmond Tutu alihubiri. Tarehe 19 Oktoba serikali ilipiga marufuku SASO, BPC na vyama vingine vya mwamko, ikafunga gazeti la The World na kumpiga marufuku Woods, ambaye baadaye alitorokea Lesotho. Tarehe 4 Novemba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 418 lililoweka vikwazo vya lazima vya silaha dhidi ya Afrika Kusini.

Uchunguzi wa mahakama

Uchunguzi wa chanzo cha kifo ulifunguliwa tarehe 14 Novemba 1977 katika Sinagogi la Kale mjini Pretoria, jengo lililokuwa limegeuzwa mahakama, mbele ya hakimu Marthinus Prins. Familia iliwakilishwa na mawakili Sydney Kentridge, George Bizos na Ernest Wentzel. Uchunguzi wa namna hii si kesi ya jinai: hakuna mshtakiwa, na kazi ya hakimu ni kusema mtu alikufaje na kama kuna mwenye kulaumiwa.

Askari walisimulia kwamba Biko aliwavamia, zikatokea purukushani, na kichwa kikagonga ukuta. Lakini katika taarifa zao za mwanzo hakuna aliyekuwa ametaja pigo la kichwa. Kentridge alimhoji Goosen ni sheria ipi iliyompa mamlaka ya kumweka mtu kwenye minyororo saa nyingi namna hiyo, na kanali huyo akakiri mbele ya mahakama kwamba watu wake hawakuwa wakifanya kazi kwa kufuata sheria zilizoandikwa. Huenda hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kweli kuliko yote yaliyotolewa na upande wa polisi katika shauri hilo.

Tarehe 2 Desemba Prins alisoma uamuzi wake kwa dakika chache tu: marehemu alikufa kwa jeraha la kichwa, yaelekea alilipata katika purukushani na polisi, na ushahidi haukuonyesha kosa la mtu yeyote. Mapema mwaka 1978 mwendesha mashtaka mkuu wa eneo hilo alikataa kufungua mashtaka. Mwaka 1979 serikali iliilipa familia randi 65,000 nje ya mahakama.

Kwa madaktari mambo yalikwenda tofauti kidogo, na hiyo haikutokana na juhudi za serikali. Baraza la Madaktari lilikuwa limewasafisha Lang na Tucker. Madaktari wenzao wachache walilishtaki baraza hilo mahakamani na kushinda, na mwaka 1985 Tucker alifutwa katika orodha ya madaktari huku Lang akipewa onyo. Hiyo ndiyo adhabu pekee iliyotolewa na chombo rasmi kwa kifo cha Biko.

Baada ya mwaka 1994

Utawala wa ubaguzi ulipoondoka, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipewa uwezo wa kutoa msamaha kwa waliotenda maovu ya kisiasa, mradi waeleze ukweli wote. Aliyesamehewa hakuweza kushtakiwa wala kudaiwa fidia. Familia ya Biko ilipinga utaratibu huo. Pamoja na chama cha AZAPO na familia nyingine zilizopoteza ndugu, ilikwenda Mahakama ya Katiba ikidai kwamba msamaha unawanyima haki ya kufika mahakamani. Mwaka 1996 mahakama iliamua dhidi yao: bila ahadi ya msamaha, ilisema, ukweli usingetoka na mapatano ya kisiasa yasingewezekana.

Snyman, Siebert, Marx, Beneke na Nieuwoudt waliomba msamaha. Katika usikilizwaji, Bizos akiwahoji tena, walikiri kwamba taarifa zao za mwaka 1977 zilikuwa na uongo: jeraha lilitokea tarehe 6 Septemba, nao waliandika tarehe 7 ili isijulikane kwamba waliacha siku nzima ipite bila kumwita daktari. Lakini waliendelea kushikilia kwamba ilikuwa ajali. Msimamo huo uliwaponza, kwa sababu ajali haiwezi kuwa tendo lenye lengo la kisiasa. Mwanzoni mwa mwaka 1999 walinyimwa msamaha, kamati ikiona pia kwamba hawakueleza ukweli wote.

Kunyimwa msamaha kulimaanisha kwamba sasa wangeweza kushtakiwa. Haikuwa hivyo. Oktoba 2003 wizara ya sheria ilitangaza kwamba ushahidi haukutosha kwa shtaka la kuua kwa kukusudia, na kwamba makosa madogo zaidi, kama kuua bila kukusudia na shambulio, yalikuwa yamepitwa na muda wa miaka ishirini. Nieuwoudt alikuwa amekwisha kuhukumiwa kifungo mwaka 1996, lakini kwa mlipuko wa gari wa Motherwell wa mwaka 1989, uliowaua polisi wenzake weusi.

Njia nyingine ilifunguliwa na kesi ya Ahmed Timol, mwalimu aliyekufa mwaka 1971 kwa kuanguka kutoka makao ya polisi ya Johannesburg. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta uamuzi wa zamani kwamba alijiua, ikasema alisukumwa. Askari mmoja wa zamani alishtakiwa mwaka uliofuata akiwa mzee sana, na alifariki kabla kesi yake haijasikilizwa. Tangu hapo familia kadhaa zimedai uchunguzi mpya. Wa Biko ulifunguliwa upya Septemba 2025 katika Mahakama Kuu ya Gqeberha, miaka 48 baada ya kifo chake.

Kumbukumbu

Nelson Mandela alizindua sanamu ya Biko mjini East London tarehe 12 Septemba 1997. Filamu Cry Freedom ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Richard Attenborough, ilimfanya ajulikane zaidi nje ya Afrika, ingawa wengi wamelalamika kwamba nusu yake ni habari za Woods kuliko za Biko. Denzel Washington aliigiza nafasi yake. Mwanamuziki Peter Gabriel alitoa wimbo unaoitwa kwa jina lake mwaka 1980. Taasisi ya Steve Biko, iliyoanzishwa na familia, inaendesha kituo cha makumbusho Ginsberg, na kaburi lake lipo katika bustani ya ukumbusho mjini humo. Hospitali kuu ya kufundishia ya Pretoria imeitwa kwa jina lake tangu mwaka 2008.